Maswali Yenu: Uzi wa Mapambo Kwenye Fimbo za Kuvulia

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu urembo: bendera, almasi, lubugo (kitambaa cha gome la mti), na epoksi iliyokataa kukauka. Kwa wanaoanza, tukisema ufito tunamaanisha fimbo ikiwa tupu, kabla haijawekwa mshikio wala pete. Pete ni zile unazopitia mshipi. Kufunga ni kuzungushia uzi, iwe juu ya miguu ya pete ili ishike, au juu ya ufito wenyewe kwa pambo tu. Epoksi ni gundi ya sehemu mbili, rezini na hadina (kigumishi), inayopakwa juu ya uzi ikauke.

SWALI: Nimefunga rangi za bendera yetu ya Uganda juu kidogo ya mshikio wa fimbo ya kaboni: nyeusi, njano, nyekundu, mara mbili. Uzi niliununua Kiyembe, Kampala, kwa wauza vifaa vya ushonaji. Kabla ya epoksi ulipendeza sana. Baada ya kupaka, njano imekuwa kama chai ya rangi, nyekundu imeingia giza, na kuna mabaka. Kosa liko wapi? – Msomaji, Jinja

JIBU: Liko kwenye uzi. Nailoni ya kawaida na pamba hunywa epoksi. Hewa iliyokuwa ndani ya uzi hutoka, nao hugeuka kitu kinachopitisha mwanga. Mwanga huo ukifika kwenye ufito mweusi haurudi machoni, kwa hiyo unachokiona sasa ni weusi wa kaboni uliotiwa njano kidogo. Rangi hafifu ndizo zinazoumia, nyeusi haionyeshi lolote. Mabaka yanatokea pale uzi ulipokunywa kwa viwango tofauti, na mara nyingi chanzo ni mafuta ya vidole au mkazo usiolingana.

Kuna njia tatu za kuzuia hali hiyo. Ya kwanza ni kununua uzi uliotibiwa kiwandani usinywe epoksi. Unauzwa na wauza vifaa vya kujengea fimbo, na rangi zake hubaki zilivyo ingawa huwa zimefifia kidogo tangu mwanzo. Ya pili ni kupaka kihifadhi rangi juu ya uzi wa kawaida kabla ya epoksi. Hicho ni akriliki nyepesi ya maji. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, uloweshe uzi hadi chini kabisa, subiri dakika chache, kisha pangusa kinachotiririka. Ukikauka paka wa pili, na kwa njano na nyeupe paka hata wa tatu. Halafu acha saa 24 wakati wa kiangazi, au 48 mvua zikiwa zimeshika. Ukipaka nusunusu epoksi itapata upenyo, na mabaka yatarudi yakiwa mabaya kuliko haya. Ya tatu ni kuweka weupe chini: funga tabaka la uzi mweupe uliotibiwa, au paka ukanda mwembamba wa rangi nyeupe kwenye ufito, ndipo ufunge bendera juu yake. Hapo hata njano ikipitisha mwanga, inaurudisha.

Kihifadhi rangi kina bei yake. Kinaizuia epoksi isishikane na uzi wala na ufito, kwa hiyo kwenye pambo la mshikioni kitumie bila wasiwasi, ila kwenye pete zinazobeba uzito sisi tungekiacha.

Uzi wa Kiyembe usiutupe, ila uchague. Ule wa cherehani wa kawaida umesokotwa kwa vipande vifupi vya poliesta na una manyoya. Manyoya hayo yatachomoza kwenye epoksi na utalazimika kupaka mikono mitatu au minne kuyazamisha. Tafuta uzi wa poliesta wa kudarizi kwa mashine, ule unaong'aa, wa namba 40. Hauna manyoya, na rangi zake nyingi hazibadiliki sana. Muuzaji akikuambia ni poliesta, choma ncha: poliesta huyeyuka ikitoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu cheusi, pamba hunuka karatasi na kuacha jivu. Uzi wa kung'aa wenye utando wa metali haubadiliki rangi kabisa, lakini unateleza na kukatika ukikazwa sana.

Kuhusu mpangilio wa bendera, jambo linaloharibu njano hata ikiwa ya uzi mzuri ni mkia wa uzi mweusi uliozikwa chini yake. Unaonekana kama mshipa. Kwa hiyo usizike mkia wa rangi nzito chini ya rangi hafifu. Fanya hivi: funga nyeusi, na ikibaki mizunguko sita weka kitanzi cha kuvutia ncha (kipande cha uzi kilichokunjwa katikati) pamoja na mwanzo wa uzi wa njano, vyote vifunikwe na nyeusi. Maliza nyeusi, pitisha ncha yake kwenye kitanzi, vuta irudi chini ya nyeusi yenyewe, kata. Sasa njano inaendelea juu ya sehemu safi. Njano nayo imalize kwa kitanzi chake, na nyekundu uianze peke yake kwa kuizungusha juu ya mkia wake mwenyewe. Uzi wa saizi A una unene wa takriban milimita 0.15, hivyo mstari wa milimita 2 ni mizunguko 13 au 14. Zungusha kwanza sentimita moja kwenye penseli uhesabu, maana nyuzi za kudarizi hazina unene mmoja.

Hiyo iliyokwisha kuharibika haina dawa. Iondoe ufunge upya. Namna ya kuiondoa imeelezwa mwisho wa safu hii.

SWALI: Je, gundi ya papo hapo, supa gluu, inaweza kutumika badala ya kihifadhi rangi? – Msomaji, Mukono

JIBU: Hapana. Inaingia kwenye uzi na kuutia giza vilevile kama epoksi, kisha mvuke wake huacha ukungu mweupe pembeni, na uzi unakuwa mkavu wa kuvunjika. Ifungie mbali na meza ya kazi, maana mkono ukikosa uvumilivu huitafuta.

SWALI: Nataka pambo la almasi juu ya mshikio. Nimejaribu kwenye kipande cha ufito cha milimita 15. Almasi za mbele zinatoka, lakini kila ninavyoongeza uzi zinahama upande, na za nyuma hazina umbo. Nipe vipimo. – Msomaji, Entebbe

JIBU: Almasi huharibika kabla uzi haujaguswa, kwenye alama. Chukua ukanda wa karatasi wa upana wa sentimita moja, uzungushe kwenye ufito pale pambo litakapoanzia, utoboe kwa sindano mahali karatasi inapopandana, ufungue na upime kati ya matundu mawili. Huo ni mzingo. Kwa milimita 15 utapata 47. Ukikunja kipimo hicho katikati, mkunjo unakuonyesha mahali hasa pa mstari wa nyuma. Piga mstari wa mbele na wa nyuma kwa penseli nyeupe, ukihakikisha wa mbele unalingana na zitakapokaa pete.

Nyuzi zikipanda na kushuka kwa mshazari wa digrii 45, umbali kati ya makutano mawili kwenye mstari wa mbele ni sawa na mzingo, yaani 47. Kwenye mstari wa nyuma makutano yanaangukia katikati, 23.5 mbele yake. Watu wengi hupiga alama za nyuma zikitazamana na za mbele; uzi hauwezi kufika huko kwa mshazari huo, na ndipo umbo la nyuma linapopotea. Ukitaka almasi ndefu ongeza umbali hadi 55 au 60. Ukizidisha mno, uzi unalala kuufuata ufito, unakosa kuuma, unalegea.

Ufito unachongoka, hivyo alama nazo zinapungua. Pima mzingo chini na juu ya eneo la pambo. Kama ni 47 chini na 42 juu, kwa urefu wa sentimita 18 hivi, panga 47, 45, 44, 42. Usipopunguza, almasi za juu zitakuwa nyembamba kuliko za chini na jicho litaliona hilo haraka.

Kabla ya almasi funga tabaka la chini la saizi A la rangi moja, eneo zima. Linasaidia mambo mawili: uzi wa juu hautelezi, na nafasi utakazoacha wazi zinakuwa na rangi yake. Weka tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi wa magari, kila mwisho wa eneo, gundi yake ikitazama nje. Hapo ndipo uzi utakapogeukia.

Uzi wa pambo uwe saizi D, unene wa takriban milimita 0.25, kwa sababu saizi A itakuchosha. Bandika mwanzo kwenye tepu ya chini, panda ukipita alama ya mbele, ya nyuma, ya mbele, hadi juu. Zunguka nusu duara juu ya tepu, shuka kwa mshazari wa upande wa pili ukikatiza kwenye alama zilezile. Mzunguko huu wa kwanza ndio mifupa. Kaa nao. Sogeza kila makutano kwa ncha ya kalamu butu mpaka yakae sawasawa juu ya mstari, mbele na nyuma, na usiendelee kama hata moja limepotoka nusu milimita, kwa sababu kila uzi utakaofuata utaegemea huu.

Sasa ongeza uzi mmoja kushoto na mmoja kulia wa uzi wa katikati, ukipanda na kushuka kila mara. Uzi uliolazwa mwisho ndio unaopita juu. Kwa hiyo kila raundi huchora fremu moja ya almasi kuizunguka iliyotangulia. Ukilaza nyuzi zote za kupanda kwanza, kisha zote za kushuka, utapata kanda mbili zilizopandana, almasi hakuna. Na ukiongeza upande mmoja tu badala ya pande mbili, utapata herufi V zinazofuatana; nalo ni pambo zuri, ila si uliloomba.

Mfano wa kuanzia: katikati uzi mmoja mweupe, kila upande nyeupe 2, njano 6, nyeusi 2, nyekundu 8, nyeusi 2. Jumla ni nyuzi 41 kwa kila mshazari. Kwa pembe ya digrii 45 kila uzi huchukua milimita 0.35 kwenye mstari, basi almasi yako itakuwa na urefu wa milimita 14 na nusu hivi, na kama theluthi mbili ya mstari huo itabaki wazi ikionyesha tabaka la chini. Kufunika kila kitu kungetaka nyuzi kama 133 kila mshazari. Hatukushauri kwa mara ya kwanza, na kusema kweli almasi yenye nafasi ya kupumua inapendeza zaidi.

Kuhama kwa almasi kunatokana na kusukuma. Kila uzi mpya ukiukaza kuelekea kwenye wenzake unasogeza rundo zima. Ukimaliza upande wa kulia, unaofuata uwe wa kushoto, na baada ya kila raundi mbili geuza ufito utazame mstari wa nyuma. Mkazo uwe mdogo kuliko wa pete. Uzi ukipanda juu ya mwenzake kwenye makutano, usiusukume na wembe. Rudi nyuma, ulaze tena.

Mwisho funga ukanda wa saizi A wa milimita 10 hadi 12 juu ya ncha zote, juu na chini, umalize kwa kitanzi, ndipo ukate nyuzi zilizozidi kwa wembe mpya na kubandua tepu. Ukibandua tepu kabla ya ukanda kukamilika, kazi yote itafunguka mkononi.

SWALI: Epoksi yangu ina siku tatu na bado inanata. Pia ina vishimo vidogo, kama imekimbia uzi. Nilipima kwa mabomba ya sindano ya duka la dawa, kiasi sawa kwa sawa kama chupa inavyosema. – Msomaji, Ntinda, Kampala

JIBU: Una matatizo mawili, na bomba la sindano huenda linahusika na yote mawili.

Vishimo kwanza. Bomba lenye mpira mweusi mwishoni mwa kisukumio hupakwa mafuta ya silikoni ili liteleze. Silikoni kidogo tu ikiingia kwenye epoksi, epoksi hukimbia mahali ilipo na kuacha shimo. Tafuta bomba la plastiki tupu lisilo na mpira, au pima kwa vikombe vidogo vyenye alama. Sababu nyingine ni spiriti uliyosafishia. Spiriti ya vidonda ya aina fulani huchanganywa mafuta ya mbarika, na ile ya kuwashia jiko ina rangi inayoweza kuingia kwenye uzi mweupe. Tumia isopropili safi, na usiguse tena uzi kwa mkono.

Kunata: uwiano au uchanganyaji. Sawa kwa sawa iliyoandikwa kwenye chupa za epoksi ya fimbo kwa kawaida ni ujazo, wala si uzito. Rezini na hadina hazina uzito mmoja, kwa hiyo mizani ya jikoni itakudanganya. Halafu usichanganye kiasi kidogo mno. Mililita moja ya kila upande inatosha kupaka pete kadhaa, lakini kosa la tone moja hapo ni kubwa. Changanya mililita 3 kwa 3, hata kama nyingine utaitupa. Koroga taratibu dakika tatu hadi tano, ukikwangua kuta na kona za kikombe na kijiti chenyewe. Ukikoroga kwa kasi unaingiza hewa. Kisha mimina yote kwenye karatasi ya alumini iliyolala bapa. Ikitandazwa, mapovu hupanda na kupasuka, na haichemki haraka kama ikibaki kwenye kikombe.

Joto nalo lina neno. Epoksi inayokupa dakika 20 au 30 za kufanya kazi Kampala itakupa chache Pakwach mchana. Rezini ikiwa nzito au ina chembe za sukari-sukari chini ya chupa, iweke kwenye maji ya moto ya kuvumilika mkononi mpaka iwe angavu, ipoe, ndipo upime. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usipake jioni madirisha yakiwa wazi. Unyevu hushikana na hadina na kuacha utando wa mafuta juu ya epoksi. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usikimbilie msasa.

Sasa ifanyeje hiyo? Kama inanata tu ukiigusa lakini haishiki alama ya kucha, changanya upya kwa usahihi, paka mkono mwembamba juu yake. Mara nyingi ule wa juu ukikauka kunata kunakwisha. Kama ni laini kama uji chini, hakuna wa kuifunika. Futa yote kwa isopropili na vitambaa, hata ikibidi uzi uende nayo. Kwa vishimo, ngoja ikauke kabisa, sugua kwa msasa wa maji namba 400 bila kufikia uzi, pangusa, paka tena. Vaa glavu kila mara, maana hadina ikigusa ngozi yako mara kwa mara huanza kukuwashia vipele, na wengine hulazimika kuacha kazi hii kabisa.

SWALI: Fimbo zetu za sangara, au mputa kama tunavyomwita, zinapasuka epoksi mbele ya mguu wa pete baada ya wiki chache za kazi kwenye maporomoko ya Murchison. Je, ni kwa sababu tumeweka pambo nyingi kwenye pete? – Msomaji, Masindi

JIBU: Pambo yenyewe haipasui. Unene unapasua. Mguu wa pete haupindi pamoja na ufito, na fimbo ikipinda kwa samaki mzito inataka kupinda hata chini ya pete. Ukiwa na tabaka nene pale mguu unapoishia, nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mmoja.

Angalia ncha ya mguu. Mingi hutoka kiwandani ikiwa na ukingo butu. Isugue kwa tupa mpaka ncha iwe nyembamba kama ukingo wa wembe, ulainishe sehemu ya chini isikwaruze kaboni, uisafishe. Uzi utapanda juu ya mguu bila kuacha pengo, na pengo ndilo linalojaa epoksi nene. Anza kufunga milimita 4 au 5 kabla ya ncha. Kwa fimbo nzito weka tabaka la uzi chini ya mguu, linakuwa mto kati ya chuma na ufito. Paka mikono miwili myembamba, saa 24 kati yake, badala ya mmoja mnene.

Mkazo upimwe hivi: ukimaliza kufunga, pete isogezeke ukiisukuma kwa dole gumba kwa nguvu, ili uipange mstarini. Isipotikisika hata kidogo, umekaza kupita kiasi, na kwa ufito wa kaboni wenye ukuta mwembamba hilo ni hatari kuliko epoksi kupasuka. Urembo mzito ubaki mshikioni. Kwenye ncha ya fimbo kila gramu ya epoksi inapunguza wepesi wa kurudi, kwa hiyo huko tosheka na mstari wa mizunguko mitatu wa rangi.

SWALI: Nataka kuweka kipande cha lubugo chini ya epoksi badala ya uzi. Au kitenge. Inawezekana? – Msomaji, Masaka

JIBU: Inawezekana, na kati ya majaribio yote ya mwezi huu hili ndilo lililotuvutia zaidi. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa, halikufumwa, kwa hiyo ukilikata halichomoki nyuzi pembeni. Shida yake ni hewa. Limejaa vinyweleo, na kila kinyweleo kitatoa povu epoksi ikiingia.

Chagua kipande chembamba kuliko vyote, kisicho na kiraka wala mshono. Kipige pasi ya moto mdogo. Kata kwa kufuata karatasi uliyozungushia ufito chini na juu, maana umbo si mstatili, linachongoka. Kingo mbili zikutane bila kupandana. Upana wa ziada wa milimita moja tu utaonekana kama kovu. Mshono uukabidhi upande wa pete kwenye fimbo ya rili (kikunja mshipi) inayoning'inia chini, na upande wa chini kwenye fimbo ambayo rili na pete hukaa juu.

Paka epoksi ya kukauka polepole safu nyembamba kwenye ufito, laza lubugo, bana kwa ukanda wa plastiki uliozungushwa kwa mkazo, acha saa 24. Ukifungua, nyoa manyoya kwa msasa mwepesi. Hapa chagua rangi. Ukiliacha linywe epoksi litakuwa la kahawia iliyoiva, zito kuliko lilivyo mkononi. Ukitaka hudhurungi yake ya asili, paka kihifadhi rangi mikono mitatu. Funga ukanda wa uzi wa milimita 8 hadi 10 kila mwisho, nusu juu ya lubugo na nusu juu ya ufito, ili kingo zisifunuke. Mkono wa kwanza wa epoksi uwe wa kulisha tu: paka, ngoja dakika kumi, pasha kwa mwali mdogo unaopita haraka, mapovu yapasuke, pangusa kilichozidi. Halafu mikono mitatu ya kawaida.

Kitenge kifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni kuondoa wanga wa dukani, la sivyo epoksi haitashika. Pamba yake itapitisha mwanga kama uzi wa yule msomaji wa Jinja, kwa hiyo chini yake paka ukanda mweupe. Na chagua maua madogo. Ufito wa mzingo wa milimita 47 hauna nafasi ya ua la ukubwa wa sahani.

SWALI: Sina mota ya kuzungusha fimbo epoksi ikikauka, na umeme hukatika. – Msomaji, Mbale

JIBU: Mota ndogo ya sahani ya maikrowevu iliyokufa inatosha. Zilizoandikwa volti 220 hadi 240 huzunguka mara 5 au 6 kwa dakika kwenye umeme wa nyumbani, na mafundi wa vifaa vya umeme huziuza kama chakavu. Viungo vya waya vifunikwe kabisa, viwe ndani ya kisanduku, na fundi aviunge kama wewe si mzoefu. Fimbo ishikwe kwa kifuniko cha chupa chenye bolti tatu za kuisawazisha, upande wa pili ilale kwenye mbao yenye mkato wa V uliowekewa kitambaa.

Umeme ukikatika, au bila mota kabisa, geuza kwa mkono: nusu mzunguko kila dakika mbili kwa nusu saa ya kwanza, kisha kila dakika tano, kumi, mpaka epoksi isitiririke tena. Kwa epoksi nyingi hiyo ni saa mbili hadi tatu. Weka fimbo iwe sawa kabisa na sakafu kwa pimamaji. Ikiinama, epoksi yote itakusanyika upande mmoja hata ukizungusha usiku kucha. Mkono mwembamba unasamehe kuliko mnene.

SWALI: Nitaondoaje uzi na epoksi ya zamani bila kuua ufito? – Msomaji, Kasese

JIBU: Wembe usiguse kaboni hata mara moja; mkwaruzo mmoja wa kuzunguka ndio mahali fimbo itakapokatikia. Penye pete, kata juu ya chuma cha mguu peke yake, kwa kunyoa taratibu kuelekea nje mpaka uione metali. Kisha pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, si moto wa kibiriti, mpaka epoksi ilainike kwa ukucha. Toa pete, shika ncha ya uzi kwa koleo, uifungue kwa kuzungusha. Uzi utapasua epoksi wenyewe. Kwenye pambo la mshikioni, ambako hakuna chuma, usikate. Pasha, chokonoa ukingo kwa kijiti cha mwanzi au ukucha wa plastiki, vuta uzi. Mabaki yasugue kwa kadi ya plastiki ya zamani ufito ukiwa bado wa moto wa kuvumilika mkononi. Ukihisi mkono unaungua, ngoja ipoe ndipo uendelee.